Bunduki ya riwayani na bunduki ya chumbani

Kuna msemo unaochapwa kwenye fulana, kofia na vibandiko vya magari kote Marekani: jamii yenye silaha ni jamii yenye adabu. Wanaoupenda huutaja kama mtu anayetaja matokeo ya utafiti. Ukifuatilia ulikotoka, hufiki chuo kikuu wala ofisi ya takwimu. Unafika kwenye riwaya ya Robert Heinlein iliyoanza kutoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1942, hadithi ya ulimwengu ujao ambamo wanaume hutembea na bastola na kumalizana kwa risasi pale mmoja anapohisi amevunjiwa heshima. Maneno ya mhusika wa kubuni yamekuwa hoja ya kisera.

Wanaoyarudia sana ni watu wanaojiita walibertari. Kwa ufupi, wanataka serikali iwe ndogo na ikae mbali na mfuko wako, kitanda chako na kabati lako la bunduki. Tusiwachanganye na wahafidhina wa kawaida wa chama cha Republican. Wengi wa walibertari wanataka bangi iruhusiwe, vita vya nje visimame na polisi wapunguziwe meno. Chama chao kilianzishwa mwaka 1971, na anayejiunga hutia saini ahadi kwamba hataunga mkono kuanzisha matumizi ya nguvu ili kufikia malengo ya kisiasa. Kuanzisha, si kujibu. Nafasi yote ya bunduki katika fikra zao imo kwenye tofauti ya maneno hayo mawili.

Jambo jingine linalowatofautisha ni mapenzi yao kwa hadithi. Tangu mwaka 1979 wana tuzo ya Prometheus kwa riwaya zinazotetea uhuru. Taasisi yenye jina la Ayn Rand, ambaye riwaya yake kubwa ilitoka mwaka 1957, imegawa bure mamilioni ya nakala za vitabu vyake kupitia walimu. Hili silicheki. Sisi wa Kiswahili tulisomeshwa Kusadikika, na wengi wetu tulijua serikali dhalimu inafananaje kwa kumwona Karama akisimamishwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha uanasheria, kabla hatujasoma katiba yoyote. Hadithi hufundisha kile ambacho hotuba haiwezi. Ila Karama alijitetea kwa ulimi. Katika riwaya nyingi za walibertari, saa ya haki ikifika, mtu hufungua kabati.

Je, hofu yao ya serikali nayo ni ya kubuni? Hapana. Ina anwani: Ruby Ridge, kilima kimoja kaskazini mwa jimbo la Idaho.

Randy Weaver alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyehamia porini na mke na watoto, akisubiri mwisho wa dunia. Hakuwa mtu wa kupendeza. Alihudhuria mikutano ya wabaguzi wa kundi la Aryan Nations, na wengi wetu tunaosoma Kiswahili tusingekaribishwa hata maji nyumbani kwake. Mwaka 1989 alimuuzia mtu bunduki mbili za marisau zilizokatwa mtutu. Sheria ya mwaka 1934 inataka mtutu wa bunduki ya namna hiyo usipungue inchi 18. Ukipungua, silaha isajiliwe na, enzi hizo, kulipiwa kodi ya dola 200. Mnunuzi alikuwa mpasha habari wa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Maofisa wakampa Weaver njia ya kutokea: awe jasusi wao ndani ya kundi lile. Akakataa, akashitakiwa.

Kisha ikaja barua. Ofisa mmoja wa mahakama alimwandikia kwamba afike tarehe 20 Machi 1991, ilhali kesi ilikuwa tarehe 20 Februari. Hakufika Februari. Tarehe 14 Machi, siku sita kabla ya ile iliyoandikwa kwenye barua, waendesha mashitaka walimfungulia kosa jipya la kutofika mahakamani. Weaver akabaki kilimani, na serikali ikabaki inamchunguza kutoka kwenye miti kwa muda wa mwaka na zaidi. Agosti 1992 maofisa waliojificha wakakutana na mbwa wa nyumba ile. Risasi zilipotulia, mbwa alikuwa amekufa, mtoto wa Weaver aitwaye Sammy, mwenye miaka 14, amekufa kwa risasi ya mgongoni, na ofisa mmoja, William Degan, amekufa. Kesho yake mdunguaji wa FBI alimuua mke wa Weaver, Vicki, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango na mtoto wa miezi 10 mikononi.

Mwaka 1993 jopo la raia lilimfutia Weaver mashitaka ya bunduki na ya mauaji. Lilichomtia nacho hatiani kilihusu kutofika mahakamani. Mwaka 1995 serikali ikailipa familia dola milioni 3.1.

Ukilisimulia tukio hili kutoka mwisho kurudi mwanzo, unaelewa walibertari wanasema nini. Mama amekufa, kabla yake kuna mdunguaji, kabla yake kuna barua yenye tarehe mbovu, na mwanzo kabisa kuna inchi chache za chuma na kodi ya dola 200. Kila sheria, wanasema, hata ile ndogo kabisa, mwisho wake kuna mtu mwenye bunduki atakayekuja mlangoni ukikaidi. Kwa hiyo kabla ya kutunga sheria jiulize kama uko tayari mtu afe kwa ajili yake. Sijasikia jibu linaloifuta hoja hii. Nimesikia tu majibu yanayoikwepa.

Na wana historia nyingine ambayo wapinzani wao wa mrengo wa kushoto huipita haraka. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake kulipuliwa mjini Montgomery, Martin Luther King aliomba kibali cha kubeba bastola. Alinyimwa, maana kibali kilikuwa mikononi mwa wakubwa wa pale pale waliokuwa wakitazama nyumba za watu weusi zikilipuliwa. Mwaka 1967 California ilipiga marufuku kubeba hadharani bunduki yenye risasi, baada ya vijana wa Black Panther, kundi la kupigania haki za watu weusi, kuanza kuwafuata polisi mitaani wakiwa na silaha zao. Aliyetia saini sheria hiyo ni Gavana Ronald Reagan. Sheria ya silaha inayomwachia ofisa achague nani anafaa huishia kuwafaa wanaofanana na ofisa. Ndiyo maana si ajabu kwamba mlalamikaji katika kesi ya mwaka 2010, iliyozitaka serikali za majimbo na miji ziheshimu Marekebisho ya Pili ya Katiba, alikuwa mzee mweusi wa Chicago, Otis McDonald, aliyechoshwa na wezi kuvunja nyumba yake.

Sheria zenyewe nitazipitia mbio. Marekebisho hayo ya mwaka 1791 yanataja katika sentensi moja mgambo uliopangwa vizuri na haki ya watu kushika silaha, na Wamarekani wamegombana kwa miaka mingi kipi kinatawala kipi. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema haki ni ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2022 ikapanua haki hiyo hadi kubeba silaha nje ya nyumba. Mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo, kwa kura 8 dhidi ya 1, ikakubali kwamba mtu aliyewekewa zuio la mahakama kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa.

Hofu ya kunyang'anywa ndiyo imezaa mahali pa ajabu kuliko pote katika habari hii. Huko Martinsburg, West Virginia, kuna kituo cha ATF kinachofuatilia bunduki zilizokutwa kwenye uhalifu. Kinapokea masanduku kwa masanduku ya kumbukumbu za maduka ya silaha yaliyofungwa. Lakini sheria inaizuia serikali ya shirikisho kuwa na daftari la wamiliki wa bunduki, kwa hiyo hata karatasi zikishapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta, haziruhusiwi kutafutwa kwa jina. Mfanyakazi hukaa mbele ya skrini na kufunua ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa jicho, wakati mpelelezi wa mauaji anasubiri kwenye simu. Mpinzani akiona hayo anaona upuuzi. Mlibertari anaona Katiba ikifanya kazi: serikali imefumbwa macho kwa makusudi. Mimi naona vyote viwili, na nakiri kwamba nikikumbuka Weaver, upuuzi ule haunichomi sana.

Kinachonichoma ni hesabu. Mwaka 2021 Wamarekani 48,830 walikufa kwa bunduki. Kati yao 26,328 walijiua wenyewe, na 20,958 waliuawa na watu wengine. Kwa takwimu hizo za serikali, walioangukia kwenye mapambano na polisi hawakufika 600. Katika riwaya mtutu unamwelekea dhalimu. Chumbani, zaidi ya nusu ya vifo, unamwelekea mwenye bunduki. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa karibu mara tisa katika kumi, ilhali njia nyingi nyingine humwachia mtu nafasi ya kuokolewa, na wengi wanaookolewa hawafi baadaye kwa mkono wao. Chombo kinachodaiwa kumlinda mtu na serikali kinamkuta usiku wake mbaya kuliko zote, kikiwa karibu na mto wa kulalia.

Walibertari wana majibu mawili hapa, moja jepesi na moja zito. Jepesi ni kwamba mtu ana haki juu ya maisha yake. Sawa, lakini anayejitoa roho kwa uamuzi wa dakika kumi za kukata tamaa hafanani na mwanafalsafa. Jibu zito linatoka New Hampshire. Mwaka 2009, ndani ya siku chache, watu watatu wasiohusiana walinunua bunduki katika duka moja na kujiua saa chache baadaye. Mwenye duka alipoambiwa, hakusubiri bunge. Yeye, wauza silaha wengine na watu wa afya ya jamii walikaa pamoja na kuandaa mwongozo: dalili za mteja wa kutiliwa shaka, kama vile asiyejua chochote kuhusu bunduki na asiyejali atakuja kuitunzaje, mabango ya kubandika dukani, ushauri kwa familia kumwekea ndugu silaha zake mahali pengine mpaka wingu lipite. Mpango huo ukaigwa katika majimbo mengine. Hapakuwa na faini, hapakuwa na askari mlangoni.

Ninaupenda mfano huo kuliko riwaya zote za kundi hili, na nashangaa hawausimulii zaidi. Labda kwa sababu hauna shujaa wala adui. Lakini hiari ina mpaka: inawafikia wanaotaka kufikiwa. Mume anayemtishia mkewe hapeleki bastola yake kwa jirani ihifadhiwe. Zaidi ya majimbo 20 yana sheria zinazomruhusu hakimu kuamuru silaha ichukuliwe kwa muda pale mtu anapoonekana hatari, na walibertari wanazipinga kwa kuwa amri ya kwanza hutolewa mhusika akiwa hayupo kujitetea. Kasoro hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kusikilizwa haraka na kuwekewa wakili, si kumwacha mke aombe Mungu.

Limebaki swali kubwa: je, bunduki ya raia huizuia serikali? Mara moja moja, ndiyo. Aprili 2014 huko Bunkerville, Nevada, maofisa wa shirikisho waliokuja kukamata ng'ombe wa Cliven Bundy, aliyekuwa anadaiwa ada za malisho zaidi ya dola milioni moja, walikutana na watu wenye bunduki wakarudi nyuma na kuwaachia ng'ombe. Anayesema jambo hilo haliwezekani amekosea. Ila sioni dhalimu aliyeangushwa siku hiyo. Naona deni lisilolipwa. Na kesi ya Bundy ilipofutwa Januari 2018, haikufutwa na bunduki. Jaji aliifuta kwa sababu waendesha mashitaka walificha ushahidi. Kwa Weaver vilevile: silaha za kilimani zilimletea mdunguaji, na waliomwokoa ni wakili na jopo la raia.

Kisha kuna Timothy McVeigh. Alikuwa akiuza kwenye maonyesho ya bunduki riwaya ya mwaka 1978 iliyoandikwa na kiongozi mmoja wa wabaguzi, hadithi inayoanza na serikali kunyang'anya silaha na ambamo jengo la FBI linalipuliwa kwa lori la bomu. Tarehe 19 Aprili 1995, miaka miwili kamili baada ya moto wa Waco, Texas, uliohitimisha mzingiro wa FBI kwenye makazi ya kundi moja la kidini, aliegesha lori mbele ya jengo la serikali mjini Oklahoma City na kuua watu 168, watoto 19 wakiwemo. Kurasa za riwaya ile zilikutwa ndani ya gari lake. Haki isemwe: kitabu kile si cha walibertari, wanakichukia, na ahadi wanayotia saini inakikataa. Lakini anayegawa hadithi kwa mamilioni akiamini zinabadilisha watu hawezi kugeuka na kusema hadithi haimgusi mtu.

Ningemwomba mlibertari atoke kidogo riwayani anipeleke Louisville, Kentucky, usiku wa tarehe 13 Machi 2020. Huko hoja zake zote zinasimama. Polisi walikuwa na hati ya upekuzi iliyoruhusu kuingia bila kubisha. Ofisa mmoja alikuja kukiri kwamba maelezo yaliyoipatia kibali yalikuwa na uongo. Ndani walilala Breonna Taylor, mhudumu wa dharura mwenye miaka 26, na mpenzi wake Kenneth Walker, aliyemiliki bastola kihalali. Mlango ukavunjwa. Walker, akidhani ni majambazi, alifyatua risasi moja kama ambavyo kila mtetezi wa Marekebisho ya Pili angemshauri. Polisi wakafyatua 32. Mbunge mlibertari Justin Amash na Seneta Rand Paul walileta miswada bungeni mwaka huo huo, mmoja kuhusu kinga ya polisi na mwingine kuhusu hati za namna hiyo, na hapo nawavulia kofia.

Walker hakuguswa na risasi. Breonna alikuwa sakafuni, moshi bado uko korido. Bastola ilikuwa imefanya yote inayoweza kufanya. Walker akachukua simu akapiga 911, namba ya dharura, akaiambia serikali kwamba kuna mtu amevunja mlango na kumpiga risasi mpenzi wake.