Jackman aliimba kabla ya makucha
Kuna mwandishi mmoja anasema Hugh Jackman ni mwigizaji wa filamu aliyejitosa kwenye uimbaji baada ya kupata jina. Hapo kaanzia mwisho. Huyu bwana alikuwa akiimba jukwaani Melbourne katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 1998 alikuwa London akicheza mhusika mkuu, Curly, kwenye mchezo wa jukwaani wa nyimbo uitwao Oklahoma!, miaka miwili kabla hatujamwona na makucha ya Wolverine kwenye filamu ya X-Men. Tuzo ya Tony ya 2004, ile ya michezo ya jukwaani ya Marekani, aliipata kwa kuimba na kucheza jukwaani, si kwa kukunja ndita mbele ya kamera. Na filamu ya nyimbo ya Les Misérables ya 2012, jamani, ile haikuwa ya kufumbua mdomo juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa studio: waliimba palepale kamera zikizunguka, piano ikiwaingia kwa kidude cha sikioni, mpiga piano akimfuata mwimbaji, okestra ikaja kuongezwa baadaye. Ndiyo maana sauti yake mle inakwaruza na kukatika uchungu unapomzidi. Wapo walioichukia, mimi naipenda kuliko sauti iliyopigwa pasi. Nyie mliomjua kwanza kwenye X-Men, mlishtuka mlipomsikia anaimba?