Fundi wa fomu, andika "cm" kwenye upana wa orodha zako

Nyamanoro na Nyamhongolo zote ni kata za Ilemela, mkoani Mwanza. Sasa mweke karani anayesajili wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba mbele ya fomu ya Access, programu ya kanzidata (hifadhi ya data) ya Microsoft, ambayo orodha kunjuzi ya kata, ile inayofunguka ukiibonyeza, inamwonyesha "Nyam – Ilemela" na chini yake tena "Nyam – Ilemela". Foleni ni ndefu, jua linawaka. Atabonyeza wa juu. Mchuuzi wa Nyamhongolo ameshakuwa mkazi wa Nyamanoro, na hakuna ukaguzi wa kanzidata utakaolinasa kosa hilo, kwa sababu namba ya kata iliyohifadhiwa ni halali kabisa.

Hili linaniudhi kwa kuwa linaepukika kwa herufi mbili tu. Chanzo chake ni fundi aliyeandika upana wa safu za orodha kwa namba tupu, bila kipimo.

Tuseme orodha ina safu tatu: namba ya kata, jina la kata, wilaya. Fundi anabonyeza F4 kufungua orodha ya sifa, anafika kwenye sifa ya ColumnWidths, yaani upana wa kila safu, anaandika 0;1;1. Sifuri inaficha namba ya kata, hapo hana kosa. Lakini hiyo 1 ni moja ya nini? Access inafuata mfumo wa vipimo uliowekwa kwenye mipangilio ya eneo ya Windows. Kompyuta iliyowekwa Kimarekani itasoma inchi 1, yaani sentimita 2.54, na "Nyamhongolo" kwa fonti ya Calibri ukubwa wa 11 inaingia vizuri, maana inahitaji kama sentimita 2.2. Kompyuta ya metriki itasoma sentimita 1. Ndani ya sentimita 1 zinaenea N, y, a na m, basi. Hautatokea ujumbe wa kosa, wala nukta tatu za kuashiria kwamba neno limekatwa. Na safu ya mwisho hujivuta kujaza nafasi iliyobaki, kwa hiyo "Ilemela" inasomeka yote na orodha inaonekana nzima kwa anayeitazama harakaharaka.

Ni kweli, ukishatoka kwenye kisanduku hicho Access inaongeza cm au alama ya inchi yenyewe. Lakini wakati huo macho ya fundi yameshahamia sifa inayofuata. Kwa hiyo andika 0cm;3cm;3cm tangu mwanzo. Kipimo kilichotajwa kinaheshimiwa kwenye kompyuta yoyote, iwe ya inchi au ya metriki. Andika cm, usiandike sm kama tulivyozoea shuleni.

Kwenye VBA, lugha ya kuandikia msimbo ndani ya Access, ndipo balaa linapokuwa kubwa zaidi. Huko namba tupu haisomwi kama sentimita wala inchi, inasomwa kama twipu, kipimo kidogo sana cha kompyuta. Inchi 1 ina twipu 1440, sentimita 1 ina takribani 567. Ukiandika "0;4;3" ukidhani ni sentimita, umeomba safu ya twipu 4, na kwenye skrini ya kawaida ya 96 dpi (pikseli 96 kwa inchi) pikseli moja ni twipu 15. Safu ni nyembamba kuliko pikseli. Orodha inafunguka na jina la kata halionekani kabisa, halafu watu wanaanza kuhangaika na hoja ya SQL (maagizo ya kuchota data) na kutengeneza majedwali upya, kumbe data ipo palepale. Anayenakili msimbo kutoka fomu ya Excel anaangukia shimo hilohilo kwa njia nyingine: Excel inapima kwa pointi, 72 kwa inchi. "0;120" ya Excel ni safu ya zaidi kidogo ya sentimita 4.2. Ukiihamishia Access vilevile ilivyo, unapata milimita 2.

Nakubali, shingo upande, kwamba twipu ina sababu yake. Ni namba kamili isiyo na desimali, na haibadiliki skrini ikibadilika; ndiyo maana Access huhifadhi upana kwa twipu, na fomu iliyokwisha kuhifadhiwa haiharibiki ukiihamishia kompyuta nyingine. Iachwe basi ndani ya mashine. Ukilazimika kuitumia kwenye msimbo, andika 3 * 567, ili atakayekuja baada yako aone kuwa ulikusudia sentimita 3.

Upana wenyewe usikisiwe. Andika hoja inayopanga majina kwa Len(), inayohesabu herufi, kutoka refu kwenda fupi, chukua matano ya juu. Kwa Calibri 11, sentimita 0.2 kwa kila herufi ni makadirio mazuri, kisha ongeza sentimita 0.5. Idadi ya herufi peke yake inadanganya: m na w hula nafasi, i na l hazili kitu. Orodha ya samaki haina shida, sangara, sato, furu na kamongo wote wanaenea kwenye sentimita 2.

Kisha ListWidth, upana wa orodha nzima inapofunguka. Ikiachwa Auto, orodha inachukua upana wa kisanduku chenyewe kwenye fomu, na safu zikizidi hapo unaletewa kitelezi cha chini ambacho karani hana muda wa kukisukuma. Jumlisha safu zote na uongeze nusu sentimita ya kitelezi cha pembeni. Kwa mfano wetu: 3cm na 3cm, ListWidth iwe 6.5cm. Orodha inaruhusiwa kuwa pana kuliko kisanduku, kwa hiyo usiogope kuharibu mpangilio wa fomu.

Kuna wanaosema karani aandike tu herufi za mwanzo, Access itamalizia jina. Sawa, kwa anayejua jina na tahajia yake. Karani mgeni aliyetoka Nansio, anayeandikiwa jina kwa mwandiko wa haraka kwenye karatasi iliyolowa maji ya samaki, anahitaji kuliona jina zima ndipo alichague.

ListRows, idadi ya mistari inayoonekana kwa mara moja, nayo huwa 16 kwenye Access za sasa. Halmashauri nane za mkoa wa Mwanza zinaonekana zote bila kuteleza. Kata hazitaenea, na hilo halina madhara, mradi zimepangwa kwa alfabeti na kila jina linasomeka hadi herufi yake ya mwisho.