Tani mbili na nusu za wapi?

Malori ya zamani ya jeshi la Marekani yana ubishi usiokwisha: hili linabeba kiasi gani? Wengi huangalia jina. M35A2 huitwa lori la tani mbili na nusu, basi mtu anadhani ndiyo mwisho wake. Kumbe tani hizo, yaani paundi 5,000 au takriban kilo 2,270, ni mzigo wa porini, kwenye matope na makorongo. Kwenye lami, jeshi liliruhusu lori hilohilo libebe paundi 10,000, mara mbili yake.

Hapo ndipo wamiliki wa leo wanapochangamka. Ofisi za usajili huuliza uzito wote, gari pamoja na mzigo, ilhali jeshi lilihesabu zaidi mzigo peke yake. M35A2 tupu ina takriban paundi 13,000. Ongeza 10,000 za lami, unapata 23,000, bado chini ya 26,001, kiwango ambacho sheria ya Marekani huanza kudai leseni ya udereva wa kibiashara. Hesabu ni halali. Ninachokataa ni mtu kuichukua namba hiyo ya makaratasi akaenda kupakia nayo changarawe.

Kibati cha dashibodi, chenye namba hizo za uzito, kilielezea lori lililotoka kiwandani, lenye springi mpya, tairi mpya na fundi wa kikosi anayelikagua kwa ratiba. Hakijui lori limelala nje miaka mingapi. Tena vibati vya kuiga vinauzwa vitupu, mnunuzi anajigongea namba mwenyewe. Ukikuta kibati kinang'aa kama sarafu mpya kwenye dashibodi iliyobanduka rangi, tazama skrubu zake kwanza, kisha linganisha namba yake ya utambulisho na ile ya kwenye chesisi, kama ipo. (Kibati cha gia, kinachoonyesha mwendo wa juu wa kila gia, watu hukipuuza, nacho kina maana kwelikweli ukiwa unashuka mlima na mzigo.)

Kinachonitia hofu zaidi ni breki. Upepo wa kompresa husaidia kusukuma mafuta ya breki, na mafuta hayo yanapita kwenye mfumo mmoja tu kwa magurudumu yote. Paipu moja ikipasuka, pedali inazama na breki za miguu zimekwisha. Umebaki na gia na breki ya mkono. Ndiyo maana lori la namna hii, hata likiwa kwenye lami nyoofu, mimi ningelipakia zile 5,000 za porini, na siku ya kusajili niandike zile 23,000 za uzito wote bila haya.