Fleksi au gridi: nani mwenye kauli juu ya nafasi?

Wakikutana watengenezaji wa kurasa za wavuti, ubishi wa fleksi na gridi, njia mbili za kupanga vipengee kwa CSS (lugha ya mwonekano wa kurasa), haukawii kuzuka. Wapo wanaoona display: flex inatosha karibu kila mahali. Wengine wanauliza kwa nini mtu ahangaike nayo ilhali vivinjari vikuu vinaielewa display: grid tangu 2017. Jibu la mazoea ni kwamba fleksi ni ya mwelekeo mmoja, gridi ya miwili. Si uongo, ila halimsaidii sana aliye na kadi saba za kupanga.

Tuzichukue hizo kadi, kwenye skrini inayobeba tatu kwa mstari. Ukitumia fleksi yenye flex-wrap (zisizotosha hushuka mstari wa chini) na flex-grow: 1 (kila kadi hutanuka kujaza nafasi), kadi ya saba inabaki peke yake chini na kutanuka upana mzima. Gridi yenye repeat(auto-fill, minmax(240px, 1fr)), yaani safu wima zisizopungua pikseli 240 na zinazogawana nafasi sawasawa (1fr ni fungu moja), huiweka chini ya kadi ya nne, kwa upana uleule wa wenzake, kwa sababu safu wima zimeshagawiwa. Kwangu mimi, suala ni nani mwenye kauli. Katika fleksi, kilichomo hudai nafasi kwanza, kisha kontena, yaani kisanduku kinachovibeba vipengee, hugawa iliyobaki. Katika gridi ya namna hii, kontena huchora mistari na kilichomo hufuata.

Basi watetezi wa fleksi hawabwabwaji. Menyu yenye maneno mafupi na marefu haina haja ya safu zilizopimwa mapema. Kuyalazimisha yote yawe na upana mmoja ni kuiharibu. Lawama kuu ya watetezi wa gridi ni kwamba kipengee cha fleksi hakikubali kubanwa chini ya upana wa neno lake refu zaidi, hivyo mfululizo mrefu wa herufi usio na nafasi husukuma ukurasa nje ya skrini ya simu mpaka uandike min-width: 0 (ruhusa ya kipengee kupungua). Lakini gridi yenye 1fr tupu, bila minmax, ina ugonjwa huohuo. Hapo nyani haoni kundule.

Kinachonikera ni kwamba pande zote mbili huusahau mtiririko wa kawaida, yaani display: block, ambapo vipengee hupangwa kimoja chini ya kingine bila fleksi wala gridi. Aya mbili zenye pambizo (margin, nafasi ya nje) la pikseli 16 juu na chini, kwenye mtiririko huo, huachana kwa pikseli 16, kwani pambizo zao huungana. Ziweke ndani ya fleksi ya wima au gridi, zinaachana kwa 32. Mtu hushangaa nafasi imetoka wapi, akaanza kuweka viraka vya pambizo hasi, wakati makala ndefu haikuhitaji fleksi wala gridi tangu mwanzo.

Gridi ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: vichwa na vitufe vilivyo ndani ya kadi tofauti havikuweza kushiriki mistari. Subgrid, yaani gridi ya ndani inayofuata mistari ya gridi ya nje, iliziba pengo hilo, na tangu Septemba 2023 inapatikana kwenye vivinjari vyote vikuu. Kwa orodha za kadi, basi, siioni tena sababu ya kung'ang'ania fleksi. Menyu niachieni ilivyo.