Makato yanayofuata neno asante: ofa za kurudishiwa pesa na dhamana ya duka

Mtu amenunua tikiti ya treni mtandaoni, tuseme Uingereza. Pesa imeshatoka, ukurasa umemwandikia asante, namba ya oda iko mbele yake. Juu kidogo ya namba hiyo kuna kisanduku chenye rangi za duka lilelile kinachomwambia apokee pauni 15 au 20 kwa ununuzi wake ujao, na chini yake kitufe kikubwa cha Endelea. Akikibonyeza ameshatoka dukani bila kujua. Amehamia tovuti ya klabu ya uanachama inayomwomba jina, anwani, barua pepe na namba ya kadi. Siku 30 za mwanzo ni bure, kisha kadi inaanza kukatwa kila mwezi. Klabu inayojulikana zaidi kwa mtindo huu Uingereza, Complete Savings ya kampuni ya Webloyalty, ilikuwa ikikata pauni 15 kwa mwezi, baadaye ikapandisha hadi 18. Kwa mwaka hizo ni pauni 216, zikitoka kwa mtu ambaye mara nyingi anaamini hajawahi kujiunga na klabu yoyote.

Wanaokatwa huita jambo hili wizi. Klabu huliita mkataba. Tunaona mabishano juu ya kama mteja alikubali au hakukubali yamemeza swali lenye uzito zaidi: nani aliyeifungulia klabu mlango pale mteja alipokuwa bado ameshika risiti mkononi?

Tuanze na klabu, kwa sababu hoja zake si za kubeza. Bei, muda wa jaribio na namna ya kujitoa vimeandikwa kwenye ukurasa wa kujiunga. Barua pepe ya kumkaribisha mwanachama hutumwa. Namba ya kadi ameiandika mteja mwenyewe, tarakimu zote pamoja na zile tatu za nyuma. Hakuna aliyemshika mkono. Na huduma yenyewe ipo: mwanachama akiingia maduka mengi ya mtandaoni kupitia viungo (linki) vya klabu, anarudishiwa sehemu ya bei anayolipa. Kwa marejesho ya asilimia 10, anayelipa ada ya pauni 18 anahitaji kununua bidhaa za pauni 180 kwa mwezi kupitia viungo hivyo ili ada yake irudi, na kila kinachozidi hapo ni faida. Familia inayonunua nguo, hoteli na tikiti kwa mpangilio inaweza kufika huko. Maduka nayo husema faida kwenye tikiti au maua ni nyembamba, na kwamba pesa za matangazo ya namna hii huwasaidia kutopandisha bei. Hilo linaaminika.

Lakini iweke hesabu hiyo kando ya tovuti za marejesho zisizodai ada ya mwezi, kama TopCashback na Quidco. Duka hulipa kamisheni kwa aliyemleta mnunuzi. Tovuti hupokea kamisheni hiyo na kumgawia mnunuzi sehemu yake, na mnunuzi hutambuliwa kwa kuki, yaani alama ndogo inayohifadhiwa kwenye kivinjari chake, iliyowekwa alipobonyeza kiungo. Hata wanapouza daraja la juu, ada yake ni ndogo, na ile ya TopCashback hukatwa kwenye marejesho ambayo mtu ameshayapata, si kwenye kadi yake. Klabu ya ada hutumia mtambo uleule wa viungo na kuki, kisha ikaongeza ada juu yake. Viwango vyake vinaweza kuwa vikubwa kuliko vya tovuti za bure kwa baadhi ya maduka, lakini elekeo la biashara liko wazi: mwanachama anayerudishiwa pauni 40 kwa mwezi ni mzigo, na aliyejisahau ni mapato matupu. Biashara inayopata zaidi kadiri mteja anavyosahau haina sababu ya kumkumbusha.

Marekani ndiko jambo hili lilikochimbwa hadi mizizi. Mwaka 2009 kamati ya biashara ya Seneti, chini ya Seneta Jay Rockefeller, ilichunguza kampuni tatu: Affinion, Vertrue na Webloyalty. Wakati ule mambo yalikuwa mabaya zaidi kuliko leo. Mnunuzi hakuombwa namba ya kadi hata kidogo. Aliandika barua pepe, akabonyeza ndiyo, na duka likaipitisha kadi yake kwa klabu nyuma ya pazia. Kamati ilikuta kampuni hizo zimekusanya zaidi ya dola bilioni 1.4 kwa njia hiyo kupitia tovuti zaidi ya 450. Kati ya fedha hizo, dola milioni 792 zilikwenda kwa tovuti washirika. Isome tena hesabu hiyo: zaidi ya nusu ya pesa iliishia kwa maduka yenyewe, majina ambayo wateja waliyaamini, na si kwa klabu ambayo hakuna aliyeijua. Tovuti 88 zilipata zaidi ya dola milioni moja kila moja.

Sheria iliyozaliwa hapo, iitwayo ROSCA, ilitiwa saini tarehe 29 Desemba 2010. Inalikataza duka kupitisha taarifa za kadi ya mteja kwa muuzaji wa pili anayejitokeza baada ya malipo. Muuzaji huyo wa pili lazima aeleze anachouza, bei yake, na kwamba yeye si sehemu ya duka. Lazima amwombe mteja namba kamili ya kadi, na juu yake tendo jingine la kukubali, kama kuweka alama kwenye kisanduku. Kujitoa nako kuwe rahisi. Ni sheria yenye meno: Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 katika kesi iliyosimama juu yake, kuhusu namna watu walivyoingizwa Prime, uanachama wake wa kulipia, na walivyosumbuliwa kutoka.

Sasa basi, kama kila mtu anaandika kadi yake kwa mkono wake, kwa nini bado watu wanashtuka miezi sita baadaye?

Tazama ukurasa wenyewe kwa macho ya mnunuzi. Ameshabonyeza Endelea mara nne au tano: kwenye tarehe ya safari, kwenye kiti, kwenye bima aliyoikataa, kwenye malipo. Kitufe cha sita kina rangi ileile na kimekaa palepale. Maneno "ununuzi wako ujao" yanasikika kama zawadi ya duka kwa mteja wake. Bei ya mwezi imo, lakini ndani ya aya ya maandishi madogo ya kijivu, na kwenye skrini ya simu aya hiyo inaweza kuangukia chini ya kitufe, mahali ambapo kidole hakina sababu ya kushuka. Kisha anaombwa kadi. Ameiandika dakika mbili zilizopita, kwa hiyo anadhani mtandao umeipoteza, au kwamba pauni 15 zinahitaji pa kuingilia. Anaandika. Ameridhia kitu fulani, hilo ni kweli. Alichoridhia ni kumaliza oda yake.

Na ile zawadi kwa kawaida haiji yenyewe. Inabidi arudi kwenye tovuti ya klabu, aidai, na mara nyingi anunue tena kwanza. Aliyedhani ni zawadi ya duka hajui hata pa kuidai, hivyo anakosa zawadi na ada inaendelea kukatwa. Katika nyumba nyingi za Waswahili waishio Ulaya, kadi moja hulipia tikiti za ndugu watatu au wanne. Kijana anabonyeza, mama ndiye mwenye akaunti, barua pepe ya kukaribishwa inaingia kwenye sanduku la kijana, na hakuna mmoja mwenye picha nzima.

Ukiona makato ya jina usilolijua kwenye taarifa ya benki, kosa la kwanza ambalo watu hulifanya Uingereza ni kuyatafuta kwenye orodha ya maagizo ya kudumu (standing orders) ndani ya programu ya benki. Hayamo. Malipo ya namna hii hupita kwenye kadi, kwa idhini inayompa muuzaji uwezo wa kukata tena na tena bila kukuuliza, na idhini hiyo ni kitu tofauti na maagizo ya akaunti. Kosa la pili ni kuomba kadi mpya na kudhani kazi imekwisha. Visa na Mastercard zina mifumo ya kuwapelekea wauzaji wa malipo ya kila mwezi namba mpya pale kadi inapobadilishwa, iliyowekwa ili umeme na bima visikatike. Klabu nayo inaweza kufaidika nayo, na makato yakahamia kadi mpya kimyakimya.

Njia inayofanya kazi ina mpangilio. Kwanza tafuta jina lile kwenye barua pepe, pamoja na folda ya taka, upate tarehe ya kujiunga na namba ya uanachama. Jitoe kwa klabu yenyewe na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho wenye tarehe. Katika ujumbe huohuo dai pesa zote tangu makato ya kwanza, ukieleza kwamba hujawahi kutumia viungo vyao wala kudai marejesho. Wanayo kumbukumbu ya matumizi yako na wanaweza kuhakikisha. Klabu nyingi hurudisha angalau sehemu, na anayetaja jumla na tarehe anaweza kupata zaidi kuliko anayelalamika kwa ujumla. Usikubali haraka ofa ya mwezi mmoja.

Kisha piga simu benki siku hiyohiyo uondoe idhini ya malipo ya kadi. Uingereza una haki ya kuiondoa moja kwa moja kwa benki. Mhudumu akikuambia umalizane na muuzaji kwanza, amekosea. Muuzaji akikata tena baada ya hapo, muamala huo haukuidhinishwa na benki inapaswa kukurudishia.

Kwa makato yaliyokwishapita kuna njia ya kuupinga muamala kupitia mtandao wa kadi, ambayo kwa kawaida ina dirisha la siku 120. Marekani, mwenye kadi ya mkopo ana siku 60 tangu taarifa yenye makato hayo ilipotumwa kupinga kwa maandishi. Hapa uchaguzi wa sababu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukisema hujawahi kuiona klabu hiyo, wao huleta kumbukumbu ya siku ulipojiunga, barua pepe uliyoandika na anwani ya intaneti uliyotumia, na madai yako yanaanguka yote, hata yale ya haki. Ukisema ulijitoa tarehe fulani na bado ukakatwa, una ushahidi mkononi. Visa ina kifungu chake kwa ajili ya hilo, 13.2. Kwa makato ya kabla ya kujitoa, sema ukweli ulivyo: ulidhani unamalizia oda, na bei haikuonyeshwa waziwazi. Tangu Aprili 2020 Visa inawataka wanaotoa majaribio ya bure wapate kibali cha wazi na wakukumbushe angalau siku 7 kabla ya makato kuanza. Uliza benki yako kama ukumbusho huo ulitumwa.

Mwenye kadi pepe ya M-Pesa, Kenya au Tanzania, asijifariji kwamba pochi tupu ni kinga. Makato yakishindikana leo, muuzaji anaweza kujaribu tena siku pesa zitakapoingia. Ifunge kadi ile kabisa, na bado ujitoe kwa maandishi.

Turudi kwenye duka. Watetezi wa klabu husema dawa ni mteja kusoma, na kwamba kulazimisha uthibitisho wa pili mwishoni mwa jaribio kungeua hata huduma nzuri ambazo watu wanazipenda. Kwa gazeti au muziki tunawaelewa: msomaji anayefungua gazeti kila asubuhi anajua analilipia, na kumsumbua ni bure. Klabu inayopatikana kwenye ukurasa wa shukrani wa duka jingine haiko hivyo. Mwanachama ambaye hajabonyeza kiungo hata kimoja kwa siku 30 hana matumizi yanayoonyesha kwamba anajua yumo. Kumtaka athibitishe kabla ya pauni ya kwanza kukatwa hakuiondolei klabu mteja yeyote wa kweli.

Sheria mpya ya Uingereza ya masoko ya kidijitali na wateja, iliyopitishwa Mei 2024, inakwenda upande huo bila kufika. Imeandika ukumbusho kabla ya jaribio kuisha, siku 14 za kughairi baada ya jaribio, na kutoka kwa urahisi. Serikali ilikadiria kwamba kati ya usajili wa kulipia milioni 155 nchini humo, karibu milioni 10 hautakiwi na wanaoulipia, na unawagharimu pauni bilioni 1.6 kwa mwaka. Lakini sura hiyo ya usajili haikuanza kutumika pamoja na sehemu nyingine za sheria Aprili 2025, na majukumu yake yanamwangukia mwenye mkataba, yaani klabu. Duka lililouza ukurasa wake wa shukrani linabaki pembeni. Kwetu hilo ndilo pengo. Duka ndilo linalochagua rangi, mahali pa kitufe, na kama bei ya mwezi itasomeka kabla ya kubonyeza au baada yake, na linalipwa kwa uchaguzi huo.

Kwa hiyo barua ya malalamiko isiishie kwa klabu. Nakala iende kwa duka, ikiwa na namba ya oda, tarehe na saa ya ununuzi, na picha ya ukurasa kama unayo. Waulize mambo mawili: walipokea kiasi gani kwa wewe kubonyeza pale, na kama watakirudisha.