Mafuta ya bangi hayatarudisha mwili wa mgonjwa

Saratani ikishafika hatua ya nne, katika kila familia hutokea ndugu anayeleta habari ya mafuta ya bangi. Kaona video WhatsApp: mtu alikuwa amebaki mifupa, akawekewa matone chini ya ulimi, leo anamaliza sahani ya ugali. Na sisi tunamsikiliza, kwa sababu hakuna kinachotisha nyumba kama mgonjwa asiyekula.

Watafiti walishalipima jambo hili, na majibu yalichapishwa 2002. Huko Marekani wagonjwa 469 wa saratani iliyoenea, waliokonda na kukosa hamu ya chakula, waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza walipewa megestroli, homoni ya jamii ya projesteroni. Wa pili walipewa dronabinoli, yaani ile THC inayolewesha kwenye bangi, ila imetengenezwa maabara. Wa tatu walipewa zote mbili. Upande wa homoni, wagonjwa 75 katika kila 100 walisema hamu imeongezeka. Upande wa dronabinoli, 49. Walioongezeka uzito kwa asilimia 10 au zaidi walikuwa asilimia 11 kwa homoni na asilimia 3 kwa dronabinoli. Kuzichanganya hakukuzidi homoni peke yake. Miaka minne baadaye, huko Ulaya, dawa iliyokamuliwa kwenye mmea wa bangi, na THC peke yake, zililinganishwa na dawa bandia isiyo na kitu ndani. Kwenye hamu ya chakula, tofauti ya maana haikuonekana.

Sisemi bangi haina kazi yoyote hospitalini. Dronabinoli imeruhusiwa Marekani tangu 1985 kwa kichefuchefu na kutapika kunakoletwa na dawa za saratani, pale dawa nyingine zinaposhindwa. Ninachokataa ni chupa isiyo na kipimo, inayouzwa kwa siri kwa sababu sheria yetu Tanzania inaikataza, anayopewa mama wa miaka 70 ambaye tayari anakunywa mofini, dawa kali ya maumivu. Kizunguzungu na usingizi wa dawa moja unakutana na wa nyingine, na daktari hana habari.

Homoni nayo tusiipambe. Megestroli hurudisha hamu, lakini uzito unaopanda huwa zaidi ni mafuta, si misuli. Inaweza kugandisha damu kwenye mishipa, na haiongezi siku za kuishi. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ni rahisi kuipata na huchangamsha mgonjwa kwa wiki chache, kisha inaanza kupandisha sukari na kula misuli ileile tunayoililia. Kilichonipa moyo zaidi kimetoka India, 2023: olanzapini, dawa ya zamani ya magonjwa ya akili, miligramu 2.5 tu kwa siku, kwa wagonjwa wanaoanza tiba ya kemikali. Asilimia 60 waliongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 5. Kwenye dawa bandia walikuwa asilimia 9. Ni dawa ya bei nafuu. Ningependa kusikia kliniki zetu zikiizungumzia kwa nguvu kama mitaa inavyoyazungumzia mafuta ya bangi.

Tatizo ni kwamba tunafikiri mgonjwa anakonda kwa sababu hali chakula. Saratani iliyokomaa huamsha kinga ya mwili mzima kana kwamba kuna kidonda kisichopona, na mwili huo unaanza kuvunja misuli yake wenyewe hata chakula kikiwepo. Ukimlazimisha kula, unamtesa.

Shangazi yangu tulimlazimisha. Uji wa lishe wenye karanga, kijiko baada ya kijiko, na yeye akiuweka shavuni mpaka tugeuke, autemee kwenye khanga. Siku muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, alipokuja nyumbani hakuuliza amekula nini. Alimuuliza, "Shikamoo mama, kitu gani kinakusumbua kuliko vyote?" Shangazi akafungua mdomo: ulimi mweupe kwa fangasi. Na choo hakijatoka siku nyingi, mofini imemfunga tumbo. Akapewa dawa ya fangasi na ya kulainisha choo. Baada ya siku chache aliomba mtindi baridi mwenyewe, nusu kikombe, akaridhika. Sisi watoto tulikuwa tumeshaanza kuchanga pesa ya mafuta.

Kwa hiyo madaktari, nawaomba, tuangalieni kwanza mdomo, tumbo, maumivu na kichefuchefu. Halafu tuambieni ukweli kuhusu kukonda huku, msituache tuutafute kwenye simu. Mkiandika megestroli au deksamethasoni, semeni inatarajiwa kufanya nini, dalili zipi zituharakishe kurudi (mguu mmoja kuvimba, pumzi kukata ghafla), na ni wiki ngapi tusubiri kabla haijaachwa kama haijasaidia.