Dawa ya Ukungu Ijaribiwe kwenye Chokaa Yetu

Masika yanapokwisha na kusi kuanza kuvuma, ukuta wa chokaa nyuma ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nyumbani kwetu Mkomani, Lamu, huota ukungu wa kijani unaoacha unga vidoleni. Mwaka huu fundi aliniletea dawa ya kupaka, akaniapia kwamba ilijaribiwa maabara na ukungu ukakoma. Sikumbishia, nilimuuliza ilijaribiwa juu ya nini.

Jaribio lenyewe naliheshimu. Kampaundi, yaani kemikali inayojaribiwa, huyeyushwa, ikachanganywa na agari, rojo la kuoteshea ukungu, ingali na joto na kumiminwa sahanini. Kipande kidogo cha ukungu hai huwekwa katikati, na baada ya siku kadhaa hupimwa upana wa duara lililoota. Kando yake sharti iwepo sahani isiyo na dawa, na nyingine yenye kiyeyushi peke yake, kwa kuwa kiyeyushi kama ethanoli nacho huweza kuzuia ukungu, sifa ikapewa kampaundi isiyostahili. Duara likifika milimita 80 pasipo dawa na 20 penye dawa, ukuaji umezuiwa kwa asilimia 75. Kuzuia, lakini, si kuua: kipande hicho kikihamishiwa agari safi kikaota upya, dawa ilikilaza tu.

Mimi siridhiki na sahani peke yake. Chupa ya fundi imeandikwa sorbeti ya potasiamu, ambayo hutiwa kwenye jibini na mikate. Hufanya kazi vizuri penye uchachu, ambapo asidi yake huingia ndani ya seli ya ukungu ikiwa haijaachana na haidrojeni yake. pH, kipimo cha uchachu ambacho hupanda uchachu unapopungua, ikipita 7, nguvu hiyo karibu yote hupotea. Chokaa mbichi ina pH ya 12 hivi, na ukungu wenyewe huiogopa. Ikishazeeka hushuka hadi 8 au 9, ukungu ukapata makao, ilhali sorbeti bado haijapata uchachu inaouhitaji.

Wala sidai dawa kali zaidi. Pentaklorofenoli ilihifadhi mbao kwa miongo mingi, na mwaka 2015 ikaingizwa katika orodha ya sumu za Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu. Chumba chenye zidaka ndicho tunacholala.

Basi nilibandua vipande vitatu vya lipu kuukuu: kimoja nikakipaka dawa, cha pili maji matupu, cha tatu nikakiacha kilivyo, nikavifunika vyote ndani ya sufuria yenye maji kidogo chini. Siku ya tisa vyote vitatu vina madoa. Fundi ameahidi kupita Ijumaa baada ya sala aje kuvitazama.